Niliambiwa "mwakani wakati kama huu", na sasa ni mwaka wa sita

SWALI: Nina miaka 38, nimeolewa mwaka wa kumi sasa, naishi Kibokoni, Mombasa, na ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha. Hatujajaaliwa mtoto. Miaka sita iliyopita mhubiri mgeni alinisimamisha mbele ya watu akatabiri kwamba mwakani wakati kama huu nitakuwa nimepakata mtoto wa kiume. Nilipanda mbegu ya pesa kama alivyoagiza, na nimeendelea kuipanda kila mwezi. Aliniambia nisirudi kliniki, kwa kuwa kumtafuta daktari baada ya kupokea neno ni kumwambia Mungu kwamba simwamini. Nilinunua nguo za mtoto, zimo sandukuni mpaka leo. Mume wangu amechoka, haendi tena kanisani. Mavyaa wangu hasemi kitu, na kimya chake chaniumiza kuliko maneno. Dada yangu wa Voi ana watoto watano na amejifungua tena. Ananiomba nimchukue binti yake wa miaka sita aje kusoma hapa. Kanisani naambiwa nikimchukua nitakuwa nimetangaza kukata tamaa, na kwamba mtoto wa kuazima atamzibia njia mtoto wa ahadi. Majirani zangu Waislamu huniambia "inshallah, bibie", na hata hilo nimekatazwa kuitikia. Usiku nalia. Je, nikiacha kungoja, nitakuwa nimemkana Mungu? – Mngojaji, Kibokoni.

JIBU: Dada yangu Mngojaji, barua yako imeshona maswali mawili kuwa moja, na naona maumivu mengi yanakaa hapo penye mshono. Unauliza kama ni halali kuacha kumngoja Mungu. Lakini karibu kila mstari ulioandika unasimulia kungoja tarehe: ile aliyoitaja mhubiri, kisha ile uliyoisogeza mbele ilipopita, kisha nyingine baada yake. Kiswahili chetu kimeitia tofauti hii ndani ya kitenzi chenyewe. Zaburi na Isaya huzungumza juu ya watu wanaomngoja Bwana, na ile "m" ni ya mtu. Amngojaye mtu anaijua tabia yake, anasema naye akichelewa, anaweza hata kumlalamikia, na huku akingoja anapika, anafagia, anakwenda kazini. Aingojaye tarehe hana wa kusema naye. Ikipita, hubakiwa na njia mbili, kujilaumu au kuisogeza. Wazee wa pwani walikujua kungoja kwa namna zote mbili, ndiyo maana waliosema subira yavuta heri ndio hao hao waliotuachia kwamba ngoja ngoja yaumiza matumbo. Ninachotaka kukuonyesha ni kwamba waweza kuiacha tarehe leo hii, na kumngoja Mungu kukabaki kuzima.

Tuanze na neno lenyewe, maana mhubiri hakulitunga. Limetoka 2 Wafalme sura ya 4, katika kisa cha mama wa Shunemu na nabii Elisha. Kisome upya, taratibu, ukiwa peke yako. Mama yule alimtengenezea nabii chumba cha juu, akamwekea kitanda, meza, kiti na taa, kabla hajaambiwa neno lolote. Na alipoulizwa angependa atendewe nini, alijibu kwamba anakaa kati ya watu wake, yaani hana haja. Wapo watakaosema chumba kile ndicho kilichokuwa mbegu yake. Sikubali. Mbegu hupandwa kwa kutazamia mavuno, naye hakutazamia kitu wala hakutajiwa kiwango. Kisha tazama alivyolipokea neno la mtoto. Hakupiga vigelegele, alimsihi mtu wa Mungu asimdanganye. Na mtoto yule alipokuwa mkubwa kidogo akafa ghafla, mama alikwenda hadi mlima Karmeli, akamshika nabii miguu, akamkumbusha kwamba yeye hakuwa ameomba mwana. Hofu yake ya kudanganywa haikuhesabiwa dhambi popote katika sura hiyo, wala uchungu wake haukuitwa shaka. Katika sura inayofuata, Elisha anazikataa zawadi za Naamani aliyeponywa, na Gehazi mtumishi wake, aliyezikimbilia kwa siri, anatoka hapo na ukoma. Aliyekusomea sura ya kwanza alikuwa na wajibu wa kukufungulia na ya pili.

Utaniuliza: ikiwa Mungu hasemi uongo, neno lile lilikuwa nini? Torati imekwisha jibu, mwishoni mwa Kumbukumbu la Torati 18. Nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitukie, Bwana hakulinena, na watu wasimwogope nabii huyo. Sheria hii ni ya huruma kubwa. Inauacha mzigo wa neno lililokosa kutimia juu ya aliyelinena, usihamie kwa aliyelisikia, nawe umeubeba tangu mwaka ule wa kwanza ulipopita. Yeremia 28 inaonyesha jinsi hali hiyo inavyokuwa ndani ya taifa zima. Watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa mateka Babeli, na Hanania akasimama hekaluni mbele ya makuhani akatangaza kwamba kabla ya miaka miwili kutimia mateka watakuwa wamerudi. Yeremia aliitikia amina. Naipenda sana amina ile, kwa sababu inatuonyesha mtu aliyetamani kwa moyo wake wote kwamba habari njema iwe ya kweli, na bado hakuiamini kwa sababu tu ni njema. Baadaye alirudi akamwambia Hanania usoni kwamba amewafanya watu wautumainie uongo.

Kisha akawaandikia mateka barua, nayo ndiyo sura ya 29. Mstari wake wa 11 unaujua, ule wa mawazo ya amani na tumaini la siku za mwisho: huchorwa kwenye matatu, huchapwa kwenye kalenda, watu huupachika WhatsApp kila Januari. Mstari wa 10, unaokaa juu yake, sijui gari lililouchora, kwa kuwa unataja miaka 70. Wengi walioipokea barua ile wangezikwa Babeli. Wakaagizwa nini? Wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuoza, wauombee heri mji ambao hawakuuchagua. Ahadi na agizo viliandikwa katika barua moja, na kuukata mstari wa 11 ukaning'inizwa peke yake ni kumwacha mtu na tumaini lisilo na kazi ya kufanya kesho asubuhi. Hilo, dada yangu, ndilo lililokupata. Umepewa tumaini, ukanyang'anywa bustani.

Hapa kwetu agizo hilo lilitiiwa, na si mbali na mlango wako. Katika miaka ya 1880 watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia misheni ya Rabai, ambako waliikuta jumuiya iliyolelewa na William Jones, aliyekuwa mtumwa mwenyewe kabla ya kukombolewa na kusomeshwa Bara Hindi. Imani waliyofundishwa iliwaambia kwamba mbele za Mungu wako huru. Sheria ya wakati ule iliwahesabu kuwa mali, na siku yoyote mwenye mali angeweza kuja kudai. Watu wale hawakuketi wakaikodolea macho barabara ya Mombasa kungoja karatasi. Walijenga, walilima, walioana, walipeleka watoto kusoma, waliimba, huku hofu iko palepale. Tarehe 1 Januari 1889, baada ya mabwana kulipwa fidia kwa mpango ulioongozwa na kampuni ya Waingereza ya IBEA, watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha katika misheni, wengi wao Rabai, walipokea hati za uhuru. Hati ziliwakuta na maisha tayari. Lakini wenzao waliobaki mashambani iliwabidi kungoja hadi 1907 ndipo sheria ikaacha kuutambua utumwa katika pwani hii, na wengi walikuwa wamekwisha kufa. Ukiniuliza kwa nini hawa walipata mapema na wale hawakupata, sina jibu, na ningemwogopa mtu mwenye jibu. Ninachokiona ni kwamba miaka waliyoishi Rabai bila karatasi ilikuwa miaka ya kweli. Haikuwa chumba cha kungojea.

Msomaji makini atapinga hapa: nimechagua kisa kilichoishia vizuri, na visa vya aina hiyo ni rahisi kuvisimulia. Basi tuchukue kisichoishia vizuri. Mmisionari Johann Ludwig Krapf na mkewe Rosine walihamia Mombasa mwaka 1844. Miezi michache tu baadaye, Julai, Rosine alijifungua mtoto wa kike, na homa ikamuua. Baada ya siku chache tu, kitoto nacho kikamfuata. Kaburi lao liko ng'ambo, upande wa Nyali, hadi leo. Mtoto wao mwingine walikuwa wamekwisha mzika Uhabeshi. Mwaka ule ule, Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili hapa kisiwani, akisaidiwa na Kadhi wa Mombasa. Fikiri juu ya hilo: kisa cha Abrahamu na Sara, ambao tokea kuitwa hadi kumpakata Isaka palipita miaka 25, kimo ndani ya kitabu alichokishika mgeni aliyezika mkewe na bintiye, na aliyemsaidia kukitafutia maneno alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu. Mwenzake Johannes Rebmann, aliyefika 1846, alikaa miaka 29. Waumini aliowapata walikuwa wa kuhesabika. Mkewe naye alizikwa huku. Aliondoka 1875 akiwa karibu kipofu, akiongozwa na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, na mwaka uliofuata akafa kwao Ujerumani. Kanisa kubwa la pwani tunaloliona leo lilikuja baada yao. Rosine hakuona hata tofali lake moja.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unayasema haya bila kuyapaka sukari: baada ya kuwataja Habili, Henoko, Nuhu, Abrahamu na Sara, unaeleza kwamba hawa wote walikufa katika imani wasizipokee ahadi, wakaziona kwa mbali na kuzishangilia. Sara alimpata Isaka, ndiyo, na bado waraka unamweka katika orodha ya waliokufa wakingoja. Kwa hiyo, kwa hesabu ya mwandishi yule, Isaka mwenyewe hakuwa ndiyo ahadi nzima. Hapa ndipo penye jambo gumu kuliko yote katika jibu langu, na sitalizunguka. Mungu hakumwahidi kila mwanamke mtoto. Alimwahidi Sara, alimsikia Hana. Paulo alimwomba mara tatu aondolewe mwiba wake na hakuondolewa, na katika bustani ya Gethsemane Mwana mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Alichomwahidi kila amwaminiye ni kwamba hatamwacha, kwamba amesamehewa, kwamba mauti haitakuwa na neno la mwisho. Mtu aliyeyapeleka majina ya Sara na Hana kwako kama hati ya madai alikuongezea ahadi ambayo mwenye ahadi hakuitia sahihi. Naamini ulikuwa na haki ya kuambiwa hivi mapema.

Kuhusu kliniki, naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu miaka inahesabika. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamwahidi atapona, na baada ya ahadi hiyo Isaya akaagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu lake. Ahadi na dawa katika sura moja, 2 Wafalme 20, kwa kinywa cha nabii yule yule. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba mtu mzima 1 kati ya 6 hivi hupatwa na ugumba katika maisha yake. Si laana ya nyumba yenu. Mara nyingi sababu iko kwa mwanamume, au kwa wote wawili, na huku kwetu mirija iliyoziba kwa maambukizi ya zamani ni jambo ambalo madaktari huliona kila mara. Barua yako haisemi kama mumeo aliwahi kupimwa. Nendeni wote wawili, Hospitali ya Rufaa ya Pwani au kwa daktari mwingine wa uzazi, apimwe mbegu na wewe upigwe picha ya mirija. Baada ya miaka 35 uwezo wa kushika mimba hushuka upesi, na kila mwezi uliozuiwa kwenda ni mwezi uliochukuliwa kwako. Majibu huenda yakawa mabaya. Hata hivyo mtajua mnaomba nini. Pesa unazotuma kila mwezi zitatosha kulipia sehemu ya vipimo, na nakushauri uache kuzituma mwezi huu, bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Sitaki kumlinganisha mhubiri wako na yeyote. Lakini sisi wa pwani tulishuhudia Shakahola mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, mingi ya watoto, ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu. Wale nao walichoka kungoja. Walikubali mtu mmoja awatajie wakati na njia, na hospitali na shule zikawa za kwanza kuondolewa. Kila ninaposikia mwumini amekatazwa daktari kwa jina la imani, naikumbuka njia ile ilianzia wapi.

Sasa binti wa dada yako. Umeambiwa mtoto wa kuazima humzibia njia mtoto wa ahadi. Fundisho hilo halimo katika Biblia, na lililomo linakwenda upande wa pili. Mordekai alimlea Esta, binti wa ami yake aliyefiwa na wazazi, na Wayahudi wote wakaokolewa kupitia msichana huyo. Musa alilelewa na asiyemzaa. Yusufu wa Nazareti alimlea Yesu. Na ukiacha Maandiko, tazama desturi zetu wenyewe: mama mdogo ni mama, na mtoto kulelewa na ndugu wa mamaye hakujawahi kuitwa kukata tamaa katika pwani hii wala Utaita. Naona hatari moja ya kweli, nayo ni hii: ukimchukua ili awe dawa ya machozi yako, utamtwika mtoto wa miaka sita kazi isiyo yake. Mchukue kwa sababu anahitaji shule na mdogo wake yuko titini. Zungumza kwanza na mumeo, aseme yeye mwenyewe, maana kwa miaka sita maneno mengi juu ya nyumba yenu yamesemwa na watu wasiokaa ndani yake. Kutokwenda kwake kanisani nakusoma kama uchovu wa mtu ambaye ndoa yake imegeuzwa ushuhuda uliokwama. Usimhubirie. Mweleze kwamba umeacha kuingoja tarehe, uone atajibu nini.

Na majirani zako wakisema inshallah, itikia. Ulilokatazwa ni neno ambalo mtume Yakobo, katika sura ya 4 ya waraka wake, anatuagiza Wakristo tulitumie: badala ya kujigamba kwamba leo au kesho tutafanya hivi na hivi, tuseme Bwana akipenda. Wanawake wa Kibokoni wanakukumbusha Biblia yako. Huenda bila kujua wamekuwa wakikulinda, kila asubuhi pale mlangoni, dhidi ya imani inayomwamrisha Mungu.

Unalia usiku, na unaogopa kwamba machozi hayo ni kukana. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Mungu hata lini, na inauliza hivyo mara nne kabla haijasema jambo jingine. Ziko nyingine nyingi za aina hiyo, na Waisraeli waliziimba ibadani, kwa sauti, pamoja. Asiyeamini hana wa kumwuliza swali hilo. Lilia hapo, na mwite mumeo alie nawe akitaka. Ikiwa kanisa unalosali halina nafasi ya zaburi hizo, kisiwani hapa yako makanisa yanayozisoma kwa zamu Jumapili hadi Jumapili, na kuhama kanisa si kuhama Mungu. Nguo za mtoto usizichome wala usizigawe kwa hasira. Ziache sandukuni mpaka siku utakayojua mwenyewe pa kuzipeleka. La haraka ni dada yako wa Voi, ambaye anangoja jibu, na yeye tarehe yake inajulikana: shule zinafunguliwa Januari, na shule nyingi za mjini huandikisha wanafunzi wapya kabla ya hapo. Mpigie wiki hii.